Kuhalalisha leseni ya urubani ili kukusanya saa ugenini

Rubani anayekwenda nchi ya kigeni kukodi ndege ili aongeze saa zake za kuruka, atazame kwanza herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege hiyo, maana zinaonyesha nchi ilikosajiliwa. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinamtaka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuhalalishwa na nchi ilikosajiliwa ndege, na nchi nyingi zimeingiza kanuni kama hiyo katika sheria zao za ndani.

Kuhalalisha maana yake nchi ya usajili inaitambua leseni uliyonayo na kukupa hati inayoiegemea. Kubadilisha leseni ni jambo jingine: huko unafanya mitihani na kupata leseni inayosimama peke yake. Hati ya kuegemea ikitengana na leseni mama haina kazi. Leseni ya nyumbani ikifungiwa au muda wake ukiisha, hati hiyo nayo huwezi kuitumia, na masharti yaliyoandikwa kwenye leseni ya kwanza yanakufuata.

Tuchukue Marekani, ambako ndege zina herufi N na utaratibu umo katika kanuni ya 61.75. Unaanza kwa kuiomba mamlaka ya anga, FAA, ihakiki leseni yako kupitia ofisi yake ya Oklahoma City. Omba siku 45 hadi 90 kabla ya safari. Kinachokwamisha watu ni mamlaka ya nyumbani kutojibu barua ya FAA, na nyingine hazitoi taarifa za rubani bila idhini yake ya maandishi. Shughulikia idhini hiyo siku ileile unayotuma fomu. Barua ya uhakiki ikitoka ina miezi 6 tu, kwa hiyo kuomba mapema kupita kiasi nako ni hasara. Mwenye anwani ya nje pekee anatakiwa pia kuteua wakala aliye Marekani wa kupokea nyaraka za FAA kwa niaba yake.

Utakachopewa ni hati ya rubani binafsi, hata kama nyumbani una leseni ya biashara. Hulipwi kwa kuruka. Wewe na abiria mnaweza kugawana sawa mafuta, gharama ya kukodi ndege na ada za uwanja, basi. Kabla ya kuruka kama rubani mkuu unapita kwa mkufunzi kwa tathmini isiyopungua saa 1 ya maelezo na saa 1 angani. Kubeba abiria kunahitaji kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Cheti cha afya cha nchi iliyokupa leseni kinakubalika.

Kosa linalowaponyoka hata wazoefu ni namba ya leseni. Hati ya Marekani imeandikwa namba ya leseni yako ya nyumbani. Mamlaka yako ikikupa leseni mpya yenye namba nyingine, ile hati haitumiki tena mpaka itolewe upya, na bima ya ndege inaweza kukataa kulipa ajali kwa sababu hiyo.

Viza nayo ina mipaka yake. Anayeingia kama mgeni haruhusiwi kusoma kozi ya kupata leseni. Mafunzo ya kuongeza sifa ya kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege bila kuona nje, au ya ndege ya injini mbili yanahitaji pia kibali cha usalama cha TSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa usafiri.

Halafu kuna kuzihesabu saa zenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Marekani, marubani wawili wanaweza kuandika saa ileile kama rubani mkuu, mmoja akiwa amevaa kifaa kinachomzuia kuona nje na mwenzake akimlindia anga. Mamlaka nyingi hazikubali marubani wakuu wawili kwa saa moja, na zitazifuta saa hizo. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kugawana gharama. Mita ya kukodishia nayo si kipimo cha kisheria: nyingine huanza kuhesabu injini inapowaka, ilhali ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huhesabu tangu ndege inaposogea kwa nia ya kupaa hadi inaposimama kabisa. Andika saa hizo, na uhifadhi stakabadhi ya kila ukodishaji yenye usajili wa ndege na tarehe, maana mkaguzi wa nyumbani ataulinganisha na kitabu chako cha saa mstari kwa mstari.