Haki za Msanii wa Mtaani na Mikataba Inayosainiwa kwa Vitisho

Malalamiko ya wasanii wa Ngarenaro, Unga Limited na Sombetini, jijini Arusha, yanayofika ofisini kwetu yanazidi kuongezeka, na mengi huanza kwa maneno yaleyale: "Sikusajili, kwa hiyo sina haki." Maneno hayo si sahihi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki huzaliwa kazi inapotungwa, hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni ushahidi, nao hufaa sana shauri linapofika mahakamani. Usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, humtambua msanii na shughuli zake. Haumpi hakimiliki, jambo ambalo tumechoka kulirudia.

Kwa wachoraji wanaouza kazi zao kwa wenye maduka ya vinyago, ifahamike kwamba aliyenunua picha hakununua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na kadi za watalii. Wala hana ruhusa ya kulifuta jina la mchoraji. Tumeletewa picha ya twiga ambayo kona yake ya chini ilikuwa imepakwa rangi ya udongo juu ya saini, na ukiiinamisha kwenye mwanga jina bado linasomeka.

Kwa wanamuziki, prodyuza aliyekurekodi bure anaweza kuwa na haki katika rekodi aliyoigharamia, lakini mashairi hayawi yake kwa sababu alikulisha ulipokuwa studio. Kuhamisha haki za kiuchumi, yaani za kuitumia kazi kujipatia kipato, kunahitaji maandishi na saini.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa katika mitaa ambayo visu hutangulia maneno, saini hupatikana kirahisi. Karatasi ya daftari huwekwa juu ya spika usiku wa manane, vijana wawili wamesimama mlangoni, na msanii hutia saini ili afike nyumbani salama. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema mkataba ambao ridhaa yake ilipatikana kwa shuruti unaweza kubatilishwa kwa hiari ya aliyeshurutishwa. Haufi wenyewe, ni lazima aukatae. Aliyekuwa chini ya miaka 18 hakuwa na uwezo wa kuingia mkataba huo tangu mwanzo.

Aliyetishwa aripoti kituo cha polisi, apewe namba ya RB, yaani ya taarifa yake katika kitabu cha polisi, na kama amepigwa achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, isipokuwa hali yake ikiwa mbaya, ambapo matibabu hutangulia. Kisha aandike barua ya kuukana mkataba, abaki na nakala iliyosainiwa na mpokeaji au shahidi. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kumwandikia. Ujira wa onyesho ambao haukulipwa ni deni, na linaweza kudaiwa Mahakama ya Mwanzo. Kipigo ni jinai, na hakimalizwi kwa soda mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Anayekiuka hakimiliki kwa makusudi ili kujipatia faida anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru nakala ziharibiwe na fidia ilipwe. Wanaotaka mtu afungwe kesho asubuhi watuletee kwanza ushahidi.

Katika kipindi chote hicho, msanii asiendelee kupokea fedha chini ya mkataba anaoukataa, hata zikitumwa kwa simu bila yeye kuziomba, kwa kuwa kuzipokea na kukaa kimya kunaweza kuchukuliwa kwamba ameuridhia.