Maua kwa maua: mtumba, kanga na rangi moja inayopita kote

Swali ninaloulizwa kuliko yote kazini kwangu ni hili: "Dada, maua kwa maua si nitaonekana nimevalia gizani?" Anayeuliza huwa ana kabati lililojaa vitu vizuri kutoka Karume au Tandika, masoko ya mitumba ya Dar: gauni la vidoti, shati la drafti, sketi ya marinda yenye mawaridi. Kila asubuhi anaviacha vyote, anavaa jinzi na blauzi nyeusi. Kazi yangu ni kushona na kupangia watu mavazi, na sehemu kubwa ya nguo zinazopita mikononi mwangu ni mitumba. Leo nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, maana inaniuma kuona rangi zote hizo zinazeekea kabatini.

Jibu liko nyumbani kwenu tayari. Chukua kanga yoyote, itandaze kitandani. Pindo linazunguka pande zote nne, ndani yake kuna mji, na chini katikati kuna jina. Sasa tazama maua. Pindo lina yake, mji una yake. Mara nyingi pindo ni korosho ndogondogo au vidoti vilivyobanana, halafu mji unakuja na nanasi kubwa au ua lililochanua kwenye uwanja mpana. Ni michoro miwili, mitatu, tofauti kabisa, kwenye kitambaa kimoja. Bibi zetu wameivaa doti nzima miaka nenda rudi, moja kiunoni na nyingine kichwani, na hakuna aliyewaambia wamechanganya.

Kilichofanyika pale ni mambo mawili. Rangi ni chache, mbili au tatu, na iliyoko pindoni ndiyo hiyo hiyo utakayoikuta mjini. Tena ukubwa umepishana: vidogo vilivyobanana viko kando ya kikubwa chenye nafasi. Kisutu, ile kanga ya maharusi wa pwani, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe basi. Imejaa michoro mpaka ukingoni na bado jicho linajua pa kutulia. Mimi kwenye kupanga nguo sina kanuni zaidi ya hizo mbili za kanga: rangi moja ipite kote, na maua yapishane ukubwa.

Nitoe mfano wa vazi nililompangia mwalimu mmoja wa sekondari. Alikuja na sketi ya marinda ya mtumba, kijani iliyokolea, yenye mawaridi makubwa. Ukiisogeza karibu na macho, katikati ya kila ua kuna kitone cha njano kisichozidi punje ya mtama. Wengi wangekimbilia blauzi ya waridi, kwa kuwa waridi ndiyo inayoonekana kwanza. Mimi nilikifuata kile kitone. Nikamtafutia shati la kiume la mistari myembamba ya njano na nyeupe, nikalibana ubavuni, nikamkunjia mikono hadi chini ya kiwiko. Mkanda nikaukata kwenye baki la kitenge cha vidoti vya kijani. Hapo kuna maua makubwa, mistari myembamba na vidoti, yote juu ya mtu mmoja, na kwa mbali unaona vazi lililotulia. Ukimkaribia ndipo unagundua njano ya shati imetokea wapi.

Hapo ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Rangi kubwa ya nguo tayari inajisemea yenyewe. Ukiifuata hiyo, unaongeza kelele juu ya kelele. Rangi ndogo iliyojificha, ya kitovu cha ua, ya ukingo wa jani, ya uzi mmoja kwenye drafti, ndiyo inayounganisha nguo mbili bila kuzifanya zifanane kama sare. Kabla hujaamua kwamba nguo fulani haina mwenzake, itazame kwa karibu uhesabu rangi zake zote. Utashangaa jinsi blauzi uliyoiita ya bluu ilivyo na rangi tano.

Kuna wakati rangi zinakubaliana na vazi bado linakataa. Hapo tatizo huwa ni kukolea. Vaa, simama karibu na dirisha, mtu akupige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama juu na chini vimegeuka kijivu cha aina moja, macho ya watu yatapita bila kushika kitu. Nyekundu na kijani zinafanya hivyo sana: kwa macho zinapigana, kwenye picha zote ni jivu lile lile. Dawa yake ni kuweka kitu cheupe au cheusi kati yake, kama mkanda au sweta jepesi lililoachwa wazi, au kubadilisha kimoja kiwe hafifu zaidi. Mistari ya nyeusi na nyeupe inakubali karibu kila ua, kwa hiyo blauzi ya namna hiyo ukiikuta imenyooka usiiache. Chui chui nayo naihesabu kama nguo isiyo na maua. Ni hudhurungi, krimu na nyeusi, rangi ambazo hazigombani na mtu.

Sokoni sasa. Robota la mtumba, lile la kawaida la kilo 45, huja limeshapangwa kwa aina: magauni, blauzi, sketi, mashati ya kiume, nguo za watoto. Likifunguliwa, wenye maduka huwa wamewahi alfajiri kuchagua, na wanachokitafuta ni jinzi, nguo za rangi moja na zenye majina makubwa. Maua makubwa makubwa, drafti za ajabu na rangi kali hubaki, zikamwagwa chini kwenye fungu la buku au buku mbili. Kwetu sisi tunaopenda rangi hiyo ni neema. Vilivyoning'inizwa na kupigwa pasi nawaachia wenye navyo. Mimi huinama kwenye fungu.

Jambo la kuwa nalo macho pale ni mwanga. Vibanda vingi vimefunikwa maturubai ya bluu, na chini ya turubai la bluu, nyekundu inazima, krimu inajifanya nyeupe, zambarau na bluu ya bahari zinakuwa ndugu. Toka nayo juani. "Kaka, naomba niione nje kidogo" inatosha, wauzaji wamezoea. Na usiiamini kumbukumbu yako ya rangi. Geuza nguo uliyoiacha nyumbani, kata kipande cha upana wa kidole kwenye akiba ya mshono wa ndani, kifunge kwenye pini uende nacho. Mimi pini yangu ina vipande vya wateja wengi, na mara nyingi naujua mwenzi wa sketi ya mtu kabla mwenyewe hajajua anautafuta.

Kukagua ni kwa haraka lakini kwa mpangilio: kwapa kwanza, kola, kisha mapaja kwa ndani kama ni suruali. Inyanyue nguo ilielekee jua. Palipochakaa patapitisha mwanga zaidi ya kwingine. Zipu ivute mpaka mwisho. Kifungo kilichopotea si kasoro, ni nafasi ya kuweka vifungo vya rangi unayoitaka. Nguo za ndani za mtumba usiguse, TBS, shirika letu la viwango, walishazipiga marufuku na sababu ya kiafya iko wazi.

Kitambaa nacho kina maneno yake, hasa kwa joto la Dar. Gauni zuri la poliesta litakushinda saa sita mchana hata likupendeze vipi. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi wa kitambaa chenyewe kwenye akiba ya mshono, siyo uzi wa kushonea, kwa sababu hata gauni la pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta. Ukifika nyumbani uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua upesi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inajikunyata, inayeyuka na kubaki kidonge kigumu. Viskosi inaungua kama pamba lakini mkononi ni laini na inaning'inia vizuri. Magauni mengi ya maua kutoka Ulaya ni viskosi. Hiyo ikilowa inadhoofika, kwa hiyo usiikamue kwa kuipotoa.

Sasa siri ninayoipenda kuliko zote: nendeni kwenye mafungu ya mapazia na mashuka. Watu wanayapita wakifikiri ni vitu vya nyumba tu. Shuka moja la pamba la kitanda kikubwa lina zaidi ya mita mbili za upana, halina kiungo hata kimoja, na maua yake hutayakuta kwa mtu mwingine mtaani. Pazia moja la kitambaa kizito linatoa sketi ya marinda na mkoba, na bitana yake usiitupe. Nimeshona magauni ya sikukuu kwa mashuka na waliovaa waliulizwa kitenge hicho kimetoka wapi.

Ukipeleka kitambaa cha maua makubwa kwa fundi, kaa naye wakati wa kukata. Mwambie ua lisiangukie kifuani upande mmoja, wala katikati ya makalio. Aanze kwa kuweka ua moja anapopataka, karibu na bega au chini kuelekea pindo, ndipo apange vipande vingine kulifuata hilo. Fundi mwenye haraka atakata kwa kuokoa kitambaa, na ua lililokatwa nusu kwenye zipu ya mgongoni litakusumbua kila ukijitazama kwenye kioo. Kwa nguo zilizokwisha shonwa, kubana kiuno, kupunguza urefu na kukata mikono ni kazi ndogo. Mabega ni kazi kubwa, kwapa na mikono lazima vifumuliwe. Shati la kiume likikuzidi mabegani kidogo, liache lilegee, lifunge ncha zake kiunoni, litapendeza hivyo hivyo.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini kwenye karibu kila vazi naingiza kipande cha kanga au kitenge kipya wakati mtumba peke yake ni rahisi zaidi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo kutoka senti 20, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Nchi nyingine zilirudi nyuma, sisi tukiwemo. Mimi naishi kwa mitumba na siwezi kuwaombea mabaya wanaoiuza, lakini pamba yetu na wachapaji wetu pia nawapenda. Kwa hiyo mkanda, kola, mifuko, kilemba, vyote nakata kwenye doti ninayoinunua Mtaa wa Uhuru, na kabla ya kulipa natafuta kilipotengenezwa kitambaa. Kwa sura ya vazi pia inasaidia: mtumba wa maua ya Kizungu ukiwekewa kola ya korosho za kanga unakuwa nguo ya hapa.

Kabla ya kushona pamoja kitambaa kipya na cha zamani, kifue kile kipya kwanza peke yake, ukianika na kupiga pasi. Kanga inatoka dukani na wanga, na pamba mpya hupungua kidogo. Ukishona bila kufua, baada ya wiki mbili mkanda utakunjamana na sketi imebaki vile vile. Kujua kama rangi itachuja, lowesha kitambaa cheupe, kibane kwenye mshono wa ndani kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, fua nguo hiyo peke yake mpaka iache. Chumvi na siki vinavyosifiwa sana havizuii rangi iliyochapwa kiwandani kuchuja, bora hela hiyo uiongeze kwenye sabuni ya maji. Anika ndani nje, kivulini. Jua letu linakausha kwa nusu saa na linakula rangi kwa miezi michache.

Kaka zangu nao wananiandikia, na kwao naenda haraka kwa sababu wana njia fupi. Shati la maua la mikono mifupi, yale ya ufukweni yanayojaa kwenye robota za mashati ya kiume, livae na suruali ya drafti ndogo ambayo ukiwa mbali inaonekana ya rangi moja. Nyumbani, vaa kikoi chenye mistari inayobeba rangi mojawapo ya shati. Kama bado moyo unasita, anza na mfuko mmoja: mwambie fundi aufumue mfuko wa kifuani wa shati lako jeupe la kazini, abandike wa kitenge mahali pake, na vifungo viwili vya juu avibadilishe viwe vya rangi ya kitenge hicho. Wiki inayofuata utarudi kwake na kola.