Mtaa unapotaka nyaya za umeme ziondolewe: laini ipi, na kwa sababu gani?

Dodoma imetanuka haraka tangu Serikali ihamie, na nyumba zimezifikia laini ambazo zamani zilipita mashambani na vichakani. Wakazi wakikusanya saini kutaka nyaya ziondolewe, sisi wahandisi hatushangai. Tatizo ni barua isiyotaja ni laini ipi na inawasumbua nini. Hata ofisa mwenye nia njema hana pa kuanzia.

Nyaya za kwenye nguzo za mitaani ni za volti 230 na 400, au za msongo wa kati, kilovolti 11 na 33, zinazolisha transfoma. Hizo zinaweza kufukiwa, ila gharama hupanda mara kadhaa. Laini za minara ya chuma zinazoingia kituo cha kupozea umeme cha Zuzu, kilovolti 220, ni habari nyingine: ndizo zinazounganisha Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, na hata nchi tajiri nyingi bado zimeziacha za aina hiyo juu.

Hofu inayotajwa sana ni saratani. Mwaka 2001 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka sumaku inayotoka kwenye nyaya za umeme katika kundi 2B, yaani huenda ikasababisha saratani. Tafiti zilionyesha uhusiano dhaifu na saratani ya damu kwa watoto, pale wastani wa nyumbani unapozidi mikrotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 0.3 hadi 0.4, lakini hazikuthibitisha kuwa sumaku ndiyo chanzo. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa inayoweka viwango vya kinga, cha mwaka 2010 kwa umma, kinachokinga madhara ya papo hapo, ni mikrotesla 200. Wengi hawajui kwamba udongo hauzuii sumaku. Kebo iliyolala mita moja chini ya njia ya miguu inaweza kumpa anayeikanyaga sumaku kubwa kuliko waya ulio juu ya kichwa chake, ingawa hupungua upesi akisogea pembeni. Kwa hiyo kama hoja yenu ni afya, ombeni vipimo kwanza, na vichukuliwe pia jioni watu wanapopika na taa zote zinawaka, kwa kuwa sumaku hiyo huongezeka kadiri umeme unavyotumika.

Mimi ningeanza na hatari ya kugusa waya: fundi anayepandisha nondo ghorofani, mwarobaini uliokua hadi kwenye nyaya, nguzo iliyooza shinani. Na waya uliokatika. Udongo wa Dodoma ukikauka hupitisha umeme kwa shida, hivyo waya wa kilovolti 33 ukianguka kwenye mchanga mkavu, umeme unaovuja unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba mitambo ya kinga kituoni haistuki. Waya umelala kimya, hautoi cheche, mbuzi wanakatiza jirani, na umeme bado umo. Kaeni mbali, angalau mita 10, zuieni watoto, toeni taarifa. Msiuguse hata kwa fimbo kavu. Aliyejikuta karibu nao aondoke kwa kuburuza miguu ikiwa imebanana, asipige hatua.

Ukavu huohuo huitesa kebo iliyofukiwa. Ikibeba mzigo hupata moto, na udongo mkavu hauuondoi upesi, kwa hiyo hutakiwa kebo nene zaidi au mchanga maalumu wa kujazia mtaro. Ikiharibika, hakuna kutembea na kutazama juu. Ni kutafuta hitilafu kwa kifaa, kuchimba, kuunga, na mtaa gizani. Faida yake ni kwamba inawaepusha na karaha ya mvua ya kwanza, pale vumbi la kiangazi kwenye vikombe vinavyoshikilia waya nguzoni linapolowa na umeme kukatika kabla hata mtu hajaanua nguo. Kati ya kufukia na kuacha nyaya tupu juu kuna nyaya zenye ganda zilizosokotwa pamoja. Hubaki juu ya nguzo, hazina hatari kama nyaya tupu, na huwapa vishoka kazi ngumu ya kujiunganishia.

Mji wa Serikali wa Mtumba nyaya zililazwa chini kwa kuwa mji ulipangwa upya. Mtaa uliokwisha kujengwa unapaswa kuwahi kabla lami haijamwagwa. Baada ya hapo kila mtaro ni kuvunja barabara mpya, na hilo halina mpenzi serikalini. Pitisheni hoja kwenye mkutano wa mtaa, diwani aifikishe Kamati ya Maendeleo ya Kata, iingie kwenye mipango ya Jiji. Mwenye kiwanja anayeomba nguzo ihamishwe kwa faida yake hulipia mwenyewe, na aliyejenga ndani ya mkuza, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya laini, laini ikiwa tayari ipo asitarajie fidia.

Barua itaje namba ya nguzo, iambatane na picha, na ipelekwe kwanza kwa mtoa huduma. Asipojibu, lalamiko huenda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, makao makuu yake yapo hapahapa Dodoma, na asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani. Tunzeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ndiyo itakayoulizwa kwanza.