Priprinti si makala huria

Priprinti ni makala ya kisayansi ambayo watafiti wenyewe wameiweka mtandaoni kabla haijapita kwa wahakiki wa jarida, yaani wataalamu wanaoikagua kabla haijachapishwa. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonikera ni jinsi inavyochanganywa na makala huria, yaani makala ya jarida inayosomwa bila malipo: kwenye semina, kwenye magrupu ya wanafunzi wa uzamili, hata kwenye taarifa ya habari utasikia kwamba utafiti fulani "umechapishwa katika jarida huria la arXiv". arXiv si jarida, ni hifadhi ya priprinti mtandaoni. Wala kusomwa bure hakukuambii kama kazi imehakikiwa.

Hapa kuna maswali mawili. Kazi hii imefika hatua gani? Na je, msomaji anatakiwa alipe? Uhuria unajibu hilo la pili peke yake. PLOS ONE ni jarida huria: makala zake hupitiwa na wahakiki, msomaji hatoi hata senti, na gharama kwa kawaida hubebwa na mwandishi, mfadhili wake au chuo chake. Zipo pia makala zilizohakikiwa sawasawa ambazo huzioni mpaka chuo chako kiwe kimelipia. Priprinti inajibu swali la kwanza, na jibu lake ni "bado". Ni kweli inasomwa bure, ila sifa hiyo haiigeuzi kuwa makala ya jarida.

Desturi yenyewe ina umri kuliko wavuti. Majarida yalichelewa mno, kwa hiyo wanafizikia walitoa nakala za kazi zao na kuwatumia wenzao kwa posta. Waliokuwa kwenye orodha ya kutumiwa walisoma mapema. Wengine walisubiri jarida litoke. Agosti 1991 Paul Ginsparg, akiwa maabara ya Los Alamos nchini Marekani, alianzisha mfumo wa kuzisambaza kwa baruapepe. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa arXiv, na mwaka 2001 ukahamia Chuo Kikuu cha Cornell. Watu wa biolojia walipata bioRxiv mwaka 2013, na wa tiba medRxiv mwaka 2019. Kwa mtafiti aliyeko Dodoma au Eldoret hili ni jambo kubwa: kazi mpya anaisoma siku ileile anayoisoma mwenzake wa Princeton.

Sasa wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema priprinti ni takataka. Nao wanakosea. Mwaka 2002 na 2003 mwanahisabati Mrusi Grigori Perelman aliweka arXiv makala tatu zilizomaliza tatizo la Poincaré, lililowashinda wanahisabati kwa karibu miaka 100. Hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Wenzake walizichambua mstari kwa mstari kwa miaka kadhaa, na mwaka 2006 akatunukiwa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, ambayo aliikataa. Kwa upande mwingine, mwishoni mwa Januari 2020 iliwekwa bioRxiv priprinti iliyodai kwamba virusi vipya vya korona vina vipande vinavyofanana na vya VVU kwa namna ya kutilia shaka. Wanasayansi walionyesha makosa yake hadharani na waandishi wakaiondoa ndani ya siku chache. Uvumi ulikuwa umeshasambaa.

Dalili za kuitambua ziko wazi. medRxiv huweka onyo kwamba kazi haijapitishwa na wahakiki, isitumike kuongoza matibabu, na vyombo vya habari visiitangaze kama jambo lililothibitika. Kwenye arXiv, tazama v1, v2 au v3 mwishoni mwa namba ya makala: hayo ni matoleo, na la tatu linaweza kuwa limefuta dai la la kwanza. Shuka chini ya muhtasari. Kama kazi imeshatoka jaridani na waandishi wamejaza taarifa hiyo, jina la jarida litakuwa pale. Lisipokuwepo, sema "wameweka priprinti" na utaje toleo ulilosoma, neno "wamechapisha" uliache mpaka itoke jaridani.