Jeshi lililosahauliwa, si lililosahaulika

Kila Novemba, Waingereza wanapowakumbuka wafu wao wa vita, mimi hulisikia tena jina "Jeshi Lililosahaulika" likitumiwa na waandishi wetu kana kwamba ndilo jina la askari wa Kiafrika waliopigana Burma. Sivyo.

Ni jina la utani, kwa Kiingereza "Forgotten Army", la Jeshi la Kumi na Nne la Uingereza, lililoundwa mwaka 1943 chini ya Jenerali William Slim kupambana na Wajapani huko Burma, Myanmar ya leo. Wengi walikuwa Wahindi. Walikuwamo pia Waingereza, Wagurkha wa Nepal, Waafrika wa Magharibi, na watu wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Maana ndiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni hilo "-lika". Mtoto aliyeangusha kikombe haji kwa mama akasema "nimekivunja". Husema "kimevunjika", kana kwamba kikombe kilijipasukia chenyewe. "Kimevunjwa" kina mkono nyuma yake. Vivyo hivyo, kilichosahaulika kimetoweka akilini chenyewe, lakini kilichosahauliwa kina aliyekisahau. Hata shina lenyewe lina upole: "sahau" ni Kiarabu, sahw, kughafilika bila kukusudia, ndiyo maana aliyeteleza katika sala huleta sijida ya kusahau. Ukiongeza "-lika" juu yake, umemsamehe mtu ambaye hajaomba radhi.

Na askari wale hawakuwa wakisamehe. Jina hilo walilibeba kama lalamiko dhidi ya magazeti na serikali ya nyumbani. Kohima, mji wa kaskazini-mashariki mwa India, ulizingirwa na Wajapani Aprili 1944. Pande mbili zilichimba mahandaki kwenye kingo za uwanja wa tenisi wa ofisa wa wilaya, zikarushiana mabomu ya mkono kuvuka uwanja huo. Barabara ya kutoka Imphal, mji mwingine wa huko, hadi Kohima ilifunguliwa tarehe 22 Juni, wakati macho ya London yalikuwa Normandy, Ufaransa, ambako majeshi yalishuka tarehe 6. Mei 1945 London ilicheza barabarani kwa ushindi wa Ulaya, na Burma watu bado wanakufa. Mountbatten, mkuu wa majeshi yote ya Washirika eneo lile, husimuliwa, aliwazungukia akiwaambia kwamba hawajasahauliwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwasikia. Walicheka, na jina wakaligeuza fahari. Maveterani wa Kiingereza walipoisimulia vita ile, mara nyingi walianza na uwanja wa tenisi. Maandishi ya mnara wa Kohima nayo yanamwomba anayerudi nyumbani akawataje waliobaki pale. Ombi la namna hiyo huelekezwa kwa mtu mwenye uwezo wa kusahau.

Simulizi hiyo ya Kohima, kwa bahati mbaya, mara nyingi huishia hapo hapo Juni 1944. Kuanzia Agosti, masika ya huko yakiwa yamepamba moto, Divisheni ya 11 iliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, lenye tope na malaria, hadi kuingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Wengi wao walikuwa keya, neno tulilolitoa katika herufi K.A.R. za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari wa Afrika Mashariki. Wengine hawakufika hata Burma: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa karibu na Maldivi, wakafa karibu watu 1,300, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Katika simulizi nyingi za Kiingereza, bonde la Kabaw hupewa nafasi ndogo tu.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, jeshi zima la Slim liite Jeshi Lililosahauliwa. Ukiwa na nia ya kuwataja wetu peke yao, wana jina lao: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.