Ununue wapi kamera kubwa ya mirolesi ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kazi yangu ni kusafisha na kutengeneza kamera hapa Mbeya, na mara kwa mara hufika mtu aliyedunduliza fedha kwa muda mrefu, akitaka kununua kamera ya mirolesi ya daraja la juu, yaani ile isiyo na kioo cha kupanda na kushuka ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi). Wengi huanza kwa kuniuliza kama Sony inaishinda Canon. Mimi huwarudisha kwenye swali jingine: kamera hiyo ikigoma mwezi ujao, utamrudishia nani, na kumfikia kutakugharimu kiasi gani? Kwa mkazi wa Dar es Salaam swali hilo ni dogo, lakini kwa sisi tulio zaidi ya kilomita 800 kutoka huko, au takribani 500 kwa aliyeko Iringa, jibu lake ni sehemu ya bei.

Ukiamua kununua mpya, ninapendelea duka la Dar es Salaam ambalo unaweza kulirudia kwa miguu yako na linalotoa risiti ya EFD bila kusukumwa. Bei yake mara nyingi huwa juu kuliko ya muuzaji wa mtandaoni anayeleta mzigo kwa oda, na tofauti hiyo ndiyo huwavuta watu. Kabla ya kulipa, uliza waranti ni ya nani, na upate jibu kwa maandishi. Waranti ya mtengenezaji kwa kawaida hufungamana na eneo ambalo kamera ilikusudiwa kuuzwa, kwa hiyo kadi iliyomo ndani ya boksi lililotoka Dubai inaweza isikusaidie chochote Tanzania. Inayokufaa ni waranti ya duka lenyewe, inayosema wazi kama watakubadilishia bodi, watakurudishia fedha au wataipeleka kwa fundi, na ni nani atakayelipia usafiri.

Wapo pia wanaoagiza kupitia ndugu aliyeko Uingereza au Marekani, ambako maduka ya kamera zilizotumika kama MPB na KEH huzikagua, huzipanga kwa madaraja ya uchakavu na kuziuza zikiwa na waranti ya duka. Madaraja yao ninayaamini kuliko maneno "kama mpya" ya tangazo la Instagram. Tatizo ni kwamba muda wa kurudisha bidhaa huanza kuhesabiwa ndugu yako anapopokea boksi, si siku utakayoiwasha kamera Uyole, kwa hiyo mwombe aipime yeye mwenyewe mapema. Weka na hesabu ya forodha: VAT ya asilimia 18 haikokotolewi kwenye bei ya duka peke yake, bali kwenye bei, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja. Japani, ambako tumezoea kuagiza magari, kuna kamera zilizotunzwa vizuri sana, ila Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la nchi hiyo zina menyu ya Kijapani pekee.

Hata hivyo, kwa wengi ushauri wangu ni bodi iliyotumika, inayouzwa na mtu unayeweza kukaa naye meza moja Mbeya, Iringa, Makambako au Njombe. Sony A7 III ya mwaka 2018 na Canon R6 ya mwaka 2020 bado zinatoa kazi ambayo mteja wa harusi hawezi kuilalamikia, na fedha inayobaki itakusogeza kwenye lenzi nzuri. Unaipima kabla ya kulipa, jambo ambalo duka la mbali haliwezi kukupa. Lakini ujue kwamba kamera nyingi zinazouzwa huku zimetoka kwenye harusi, sendofu na kipaimara, na hapo ndipo idadi ya mapigo ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha, inapowapotosha watu. Shata ya A7 III imekadiriwa kudumu mapigo 200,000 na ya R6 300,000, na muuzaji atakuonyesha kwa furaha kwamba yake ina 30,000 tu. Video haiongezi mapigo hayo. Kamera iliyorekodi sherehe kila Jumamosi kwa miaka kadhaa inaweza kuwa na idadi ndogo sana na bado ikawa imechoka.

Kwa sababu hiyo mimi huanza kwa kuigeuza na kuangalia chini ya bodi. Kamera iliyokuwa ikifungwa na kufunguliwa kwenye gimbo, yaani mkono wa kutuliza kamera wakati wa kurekodi, huwa na mkwaruzo wa duara unaong'aa kuzunguka tundu la skrubu, na wakati mwingine nyuzi za ndani zimelika. Kisha huchomeka waya wa HDMI na kuutikisa kidogo huku nikitazama monita. A7 III na R6 zote zina tundu dogo la HDMI, ambalo hulegea likining'iniza waya usiku kucha. Ukiitikisa kamera iliyozimwa ukasikia kitu kikigongagonga ndani, usishtuke, kwa kuwa mara nyingi ni sensa, yaani kile kipande kinachonasa mwanga na kuufanya picha, inayoelea kwa ajili ya kutuliza mtikisiko. Ikiwashwa inapaswa kutulia.

Baada ya hapo hupiga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, na kuikuza picha polepole, kona hadi kona. Madoa ya kijivu yenye kingo laini ni vumbi, na vumbi husafishwa. Mstari mwembamba unaokatiza picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, au kundi la nukta za rangi zisizohama, ni jambo jingine kabisa, na kwa kamera ya sherehe hushuku kwanza taa za leza za ukumbini. Katika mirolesi sensa hupokea mwanga muda wote kamera ikiwa imewashwa, na mwali wa leza ukiipiga hata kwa kitambo kidogo unaweza kuunguza pikseli zake. Sioni sababu ya kununua bodi ya namna hiyo hata bei ikishushwa tena, kwani dawa yake ya kweli ni kubadilisha sensa nzima. Malizia kwa kurekodi video dakika 20 mfululizo, ukiangalia kama kamera inajizima au inapoteza fokasi.

Lenzi inahitaji tochi. Imulike kutoka nyuma, itazame kutoka mbele kwa pembe, na utafute nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui karibu na ukingo wa kioo. Hiyo ni fangasi, na katika unyevu wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla huota haraka kwenye lenzi iliyofungiwa ndani ya begi msimu mzima wa mvua. Ikiwahiwa husafishika, ikikaa hula rangi ya kinga juu ya kioo, na alama hiyo haitoki. Ndiyo maana humuuliza muuzaji lenzi ilikuwa ikitunzwa wapi, na kwa upande huu ninaiamini zaidi iliyotoka Dodoma, ijapokuwa itakuwa na vumbi lake.

Muuzaji akiwa Dar es Salaam na wewe Mbeya, mlipe fundi wa huko aipime mbele yake kabla hujatuma fedha kwa simu wala kukubali iwekwe kwenye basi. Mkiwa ana kwa ana, andikeni hati ya mauziano yenye majina, sahihi, nakala za vitambulisho vya NIDA na namba ya utambulisho iliyo kwenye bodi, mbele ya shahidi, kwa kuwa kukutwa na mali ya wizi ni kesi yako hata kama ulilipa bei kamili. Anayekataa namba hiyo kuandikwa, mwachie kamera yake. A7 III na R6 bado zinauzwa na wengi.