Nani kakwambia thamostati ni ya nchi za baridi?

Wiki iliyopita nimeisikia tena hoja hiyo, kwamba thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kwenda kupozwa kwenye rejeta, huku kwetu haina kazi. Na safari hii nimeisikia kwa mtu ninayemheshimu. Ni mwalimu mstaafu, ana Canter kuukuu inayobeba mpunga na mbao, na kila Jumamosi huvaa ovaroli yake akashinda uani anafungua hiki na kufunga kile. Watoto wake wanamcheka. Mimi simcheki, maana spana zake ni safi kuliko za vijana wangu. Basi kaingia gereji mvuke unafuka kwenye rejeta, kashuka, kaegemea mlango.

"Fundi, gari linachemsha sana mlimani. Na thamostati nilishaing'oa mwenyewe mwezi uliopita. Ya nini? Hiyo Wazungu wameweka kwa ajili ya baridi yao. Sisi huku joto tupu."

Nikamkaribisha chai kwanza, kwa sababu ningejibu muda uleule ningemkosea adabu mtu mzima.

Huu ni mwaka wa 23 niko na injini za malori hapa Morogoro, na maneno hayo nimeyasikia kwa madereva, kwa matajiri wao, kwa utingo, na kibaya zaidi kwa mafundi wenzangu. Kuna gereji ukipeleka gari linalochemsha, fundi hajapima kitu, hajauliza kitu, keshaing'oa thamostati, kaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu na kukutoza hela ya ufundi.

Tuanze na hilo joto letu. Dizeli inapowaka ndani ya silinda, joto la moshi ule linapita nyuzi 1,500. Kwa moto wa namna hiyo, nyuzi 33 za Morogoro na nyuzi 10 za Ulaya zina tofauti gani? Halafu hiyo "nchi ya joto" ni ipi? Lori linalotoka hapa jioni kwenda kupakia viazi Njombe mwezi wa saba, asubuhi dereva anakuta umande umeganda kwenye kioo. Lori ni lilelile.

Thamostati yenyewe ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Katikati ina kikopo cha shaba chenye nta ndani. Maji yakifika joto lililogongwa kwenye bati lake, 76, 82 au 88 kutegemea injini, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango unafunguka na maji yanaelekea kwenye rejeta. Yakipoa, springi inaufunga. Haiongezi joto. Inachofanya ni kuhakikisha injini inafika joto lake la kazi upesi na inabaki hapo, iwe inapanda au inateremka.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wang'oaji hawalijui, na hapa naomba usome polepole. Chukua thamostati ya lori lako, igeuze, tazama chini yake. Kwenye injini nyingi za Kijapani utaona kisahani cha pili chenye kispringi chake. Kile si pambo. Injini ikiwa baridi, maji yanazunguka humohumo ndani kwa kupita njia ya mkato, hayaendi kwenye rejeta. Injini ikipata moto, mlango mkubwa unafunguka, na wakati huohuo kile kisahani kinashuka kuiziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Maji hufuata njia nyepesi, kwa hiyo sehemu yake yanaendelea kuzunguka ndani ya injini yakiwa ya moto, hayajaonja rejeta kabisa. Ukitembea na mzigo mwepesi mjini huoni kitu. Siku ukipakia tani zako ukaanza kupanda Kitonga, mshale wa joto unapanda pamoja na wewe.

Yaani mwalimu wangu aling'oa kitu kilichokuwa kinamsaidia asichemshe. Kuchemsha kwa mwanzo kulikuwa na sababu yake, akaongeza ya pili.

Kuna injini za zamani ambazo thamostati yake haina kisahani cha pili, na njia ya mkato ni kitundu kidogo kisichozibwa. Hizo ukiing'oa hazichemshi, na ndizo zinazowapa watu jeuri: "Mbona mimi nimetembea miaka mitano bila hiyo?" Umetembea, sawa. Sasa chomoa kijiti cha oili tukitazame. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi haiunguzi dizeli yote. Inayobaki inaosha oili kwenye kuta za silinda, inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana unapima oili unakuta imepanda badala ya kupungua, na ukiinusa inanuka dizeli. Pistoni za alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, na nafasi zake zimepimwa kwa injini iliyopata moto. Baridi, zinacheza. Juu ya hapo, maji ya mvuke wa moshi hayapati joto la kuyafukuza, yanachanganyika na oili na kufanya tope na tindikali. Miaka mitano yako imeliwa kwenye ringi na mafuta, hukuwa na mahali pa kuiandika tu.

Nisiwaache mafundi wenzangu wanaonitetea kwa hoja mbovu. Wao husema bila thamostati maji yanapita kwenye rejeta kwa haraka mno, "hayapati muda wa kupoa." Si kweli. Maji yakienda kasi zaidi, rejeta haipunguzi joto inalolitoa, maana yanarudi mara nyingi zaidi pia. Tatizo ni ile njia ya mkato. Ukitaka kumfundisha mteja, mfundishe sababu iliyo sahihi, la sivyo kesho atakuja na bati lenye tundu alilolichonga mwenyewe "kupunguza spidi ya maji." Nimeshaletewa la mfuniko wa kopo la rangi.

Kama unaishuku thamostati, ipime. Sufuria ya maji, kipimajoto, uzi. Ining'inize isiguse chini ya sufuria, washa jiko, kaa uangalie. Yenye 82 ianze kufunguka karibu na 82, na ikifika kama nyuzi 95 iwe imefunguka wazi, milimita nane hadi kumi hivi. Ikigoma, nunua nyingine yenye namba ileile. Unapoirudisha, kikopo cha nta kielekee kwenye injini, na kile kidude kidogo kinachochezacheza pembeni kikae juu, ndipo hewa inapotokea. Nimefungua magari mangapi yaliyofungwa kinyume!

Na kinachochemsha gari ni nini basi? Mara nyingi ni maji ya kisima chenye chumvi yaliyomiminwa miaka yote bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, chokaa na kutu vikaziba mirija ya rejeta. Zima injini ikiwa ya moto, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Penye ubaridi katikati ya joto, maji hayapiti. Wabeba mpunga wana ugonjwa wao: pumba imejaa kwenye mapezi ya rejeta, upepo hauingii. Ioshe kwa maji ukitokea upande wa injini kwenda nje, si kuzidi kuishindilia ndani. Kisha tazama mkanda wa feni, wota pampu inayosukuma maji, na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa. Ukiona mapovu yanaendelea kupanda bila kukoma, moshi unaingia kwenye maji.

Kifuniko chenyewe pia watu hukidharau. Maji yanachemka nyuzi 100 Dar es Salaam, lakini Iringa mjini yanachemka karibu na 95, kwa sababu ya mwinuko. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kinayabana maji kwa presha hadi kiwango cha kuchemka kinapanda karibu na 118. Mpira wake ukishakatika, umebaki na sufuria. Canter ya mwalimu ilikuwa na kifuniko cha gari jingine kilichofungwa kwa waya, na rejeta iliyoziba theluthi nzima. Tukaizibua, tukanunua kifuniko, tukaweka thamostati mpya. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na ile thamostati.

Gari likichemsha njiani, usimwagie injini maji ya baridi ukidhani unaliokoa. Hedi inapasuka. Zima, subiri, nusu saa ni kitu gani. Na mshale ukishuka ghafla bila sababu, usishangilie. Maji yakiisha, kipimio kinabaki kwenye mvuke na hewa, hakisomi tena.

Mengine ninayoyasikia kwa madereva nayataja haraka, maana nina injini mezani.

Bizari kwenye rejeta. Ndiyo, inaziba tundu. Inaziba na mirija. Lakini sabuni ya mche kwenye tundu la tanki la dizeli hiyo inafanya kazi, sabuni haiyeyuki kwenye dizeli, itakufikisha nyumbani. Si kila cha madereva ni upuuzi.

"Oili imeshakuwa nyeusi, imekufa." Ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku ileile ukiibadilisha, kwa sababu kazi yake ni kubeba masizi yasigande kwenye injini. Badilisha kwa kilomita na kwa saa za kazi. Ya kuogopa ni iliyo kama chai ya maziwa: hapo maji yameingia.

"Petroli kidogo kwenye dizeli inasafisha nozeli." Plunja, vile vipistoni vya pampu inayosukuma dizeli kwenye nozeli, hulainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili nyingine. Ukiweka petroli umeziosha ulaini wake. Gharama ya kupeleka pampu kalibresheni, yaani kupimwa na kurekebishwa upya, unaijua.

"Chomoa waya wa betri injini ikiwaka, ikizima altaneta haichaji." Umeme unaruka juu na kuua dayodi. Mita ya elfu chache inakupa jibu: injini ikiwaka, volti kati ya 13.8 na 14.4 kwa mfumo wa volti 12, mara mbili yake kwa 24.

"Bolti za hedi unazikaza mpaka mkono useme basi." Mkono husema uongo, hasa ukishachomeka bomba kwenye spana. Anzia katikati ukielekea pembeni, kwa hatua tatu, kwa tokirenchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha injini hiyo. Kwa wapenzi wa kujifanyia nyumbani, ushauri wangu haujabadilika: kabla ya drili, kabla ya kompresa, nunua tokirenchi. Na msichanganye spana. Land Rover na Bedford za zamani bolti zake ni za inchi, Mjapani ni milimita. Ya 11/16 inaingia kwenye bolti ya 17, inazidi nusu milimita tu, unaona imeenea. Ukiivuta kwa nguvu inakula kona, bolti inabaki mviringo, halafu unaniita nije na patasi.

La jeki silijadili na mtu. Jeki ni ya kunyanyulia, haikai na gari juu mtu akiwa uvunguni, hata dakika tano, hata "nafunga nati moja tu." Sili za jeki ya mafuta hazipigi hodi zikichoka. Tofali la saruji pia silitaki kwenye gereji yangu, linapasuka bila kunung'unika. Stendi mbili za chuma, tairi zimewekewa vizuizi, gari limetikiswa kwa mkono kabla hujaingia. Mwalimu alikuwa anatumia matofali. Nimempa stendi zangu za zamani akae nazo, na nimemwambia mke wake.